Waya au waifai? Uchambuzi wa ofisi ya chumba cha nyuma, Rau, Moshi

Malalamiko yako hivi. Kikao cha video kinaanza saa tatu asubuhi bila tatizo. Ikifika saa tatu na robo sura zinaganda, sauti zinakatikakatika kama redio iliyoishiwa betri, halafu laptopu inamtoa mwenyewe nje ya kikao. Mwenyewe ni mama mhasibu anayefunga hesabu za wateja wake akiwa nyumbani. Ameshapandisha kifurushi cha faiba kutoka megabiti 20 kwa sekunde hadi 40, na kilichobadilika ni bili tu. Sasa anataka kuachana na mambo ya waya kabisa, anunue boksi la 5G.

Nyumba tumeichora kwa mfano wa nyumba nyingi za upande huo wa mji, na vipimo tunavyovitaja ni vya mfano huo. Tofali za bloku za inchi 6, lenta yenye nondo juu ya milango, dari ya jipsamu, mabati juu yake. Faiba inaingilia sebuleni mbele, na ruta imewekwa nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, pamoja na king'amuzi, pasi ya zamani na rimoti zisizojulikana ni za nini. Ofisi ni chumba cha nyuma kabisa. Ukinyoosha kamba kutoka kwenye ruta hadi kwenye meza ya kazi ni mita 14, na katikati kuna kuta tatu. Moja kati ya hizo ni ya bafu: vigae pande zote na kioo kikubwa. Uani kuna banda la vyumba viwili anakokaa kijana wa form five, na kati ya banda na nyumba kubwa kuna migomba.

Kosa la kwanza liko kwenye swali lenyewe. Data inasafiri mara mbili kabla ya kumfikia huyu mama: kutoka nje hadi kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta hadi kwenye laptopu. Anachokiita "mambo ya waya" ni safari ya kwanza, ambayo ni faiba. Safari ya pili, ile ya ndani, haina waya hata sentimita moja. Anataka kumfukuza mfanyakazi ambaye hata hajahojiwa.

Kabla ya kununua chochote, pima safari hizo mbili kila moja peke yake. Kazi hii inachukua dakika kumi na haihitaji programu ya kulipia. Kwenye Windows andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, dirisha jeusi lifunguke, kisha andika ipconfig. Mstari wa Default Gateway unakupa anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Sasa andika ping 192.168.1.1 -n 200, yaani itume ruta salamu 200 na uhesabu zinavyojibiwa. Dirisha la pili liandikie ping 8.8.8.8 -n 200, ambalo linapiga hodi nje ya nyumba. Viache vyote viwili viende pamoja wakati kikao cha video kinaendelea.

Laptopu ikiwa sebuleni, imechomekwa kwenye ruta kwa waya wa mita 2, ruta inajibu ndani ya milisekunde 1, salamu zote 200 zinarudi, na nje majibu ni milisekunde 20 na kitu bila kuyumba. Kipimo cha kasi kinasoma 39 kupakua na 10 kupakia. Faiba ni nzima.

Laptopu ikirudi ofisini kwenye waifai, picha ni nyingine. Ruta hiyohiyo, iliyo mita 14 tu, inajibu mara milisekunde 4, mara 90, mara 410, na salamu 11 kati ya 200 zimepotea kabisa. Zilizopotea hazijafika hata getini. Hapo hakuna mtoa huduma wa kulaumiwa, wala kifurushi cha kupandisha.

Kinachowapoteza watu wengi ni kwamba kipimo cha kasi ofisini kinasoma megabiti 11. Kikao cha video cha ubora wa juu hakihitaji zaidi ya 3 au 4, kwa hiyo mtu anaona namba inatosha na kuanza kushuku programu, laptopu, hata mteja wa upande wa pili. Lakini kipimo cha kasi kinachukua wastani wa sekunde kadhaa, na kipande kilichopotea kinatumwa tena kimyakimya. Sauti ya mtu haisubiri. Ikichelewa nusu sekunde, programu inaitupa na kuendelea, na ndiyo ile sauti ya kukatikakatika. Anayeangalia filamu kwenye waifai hiyohiyo hataona shida, maana filamu inajiwekea akiba ya sekunde nyingi mbele.

Kwa nini waifai inalegea kiasi hicho kwa mita 14? Amri ya netsh wlan show interfaces inaonyesha nguvu ya mawimbi kwa asilimia. Gawanya kwa 2 kisha toa 100, utapata kipimo cha dBm. Ofisi hii inasoma asilimia 44, yaani −78. Kwa sauti na video mafundi hutafuta −67 au bora zaidi, yaani karibu zaidi na sifuri, na kumbuka kila hatua ya 10 kwenda chini ni nguvu iliyogawanywa kwa kumi. Laptopu imeshaacha bendi ya gigahezi 5, ambayo kuta tatu za bloku zinaimaliza, na imeng'ang'ania ile ya 2.4. Vigae si tatizo kubwa sana, lakini kioo cha bafu kina utando wa chuma mgongoni na kinarudisha mawimbi yalikotoka. Bati la nyuma ya televisheni linafanya vivyo hivyo hata kabla mawimbi hayajatoka kabatini.

Halafu kuna majirani. Bendi ya 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Waifai ni kikao chenye kipaza sauti kimoja: anayetaka kusema anasikiliza kwanza kama kuna mwenzake anaongea, na hata ruta yako haiwezi kutuma na kupokea kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja. Simu ya zamani iliyo mbali na ruta inaongea polepole sana, na wakati inaongea wote wanasubiri. Ruta ya jirani ikiwa kwenye chaneli hiyohiyo, na yeye yumo kwenye foleni. Microwave ikiwashwa jikoni haisikilizi mtu, inanguruma karibu na gigahezi 2.45 hadi chakula kipate moto.

Yasiyo na gharama yafanywe kwanza. Ruta itolewe kabatini na kutundikwa ukutani kimo cha mita 1.8, mbali na televisheni. Hapa pana tahadhari: uzi wa faiba wenye kichwa cha kijani usikunjwe kwa kona kali, duara lake lisiwe dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai, na kichwa hicho kisichomolewe ili "kukifuta na shati". Vumbi dogo tu linatosha kuwasha ile taa nyekundu ya LOS, yaani mwanga wa faiba haufiki. Uzi ukiwa hautoshi, aitwe fundi wa mtoa huduma. Kwenye mipangilio ya ruta, bendi ya 2.4 iwekwe upana wa megahezi 20 badala ya 40, na chaneli ichaguliwe iliyo tupu kuliko nyingine. Baada ya hapo ofisi inasoma −71. Salamu zinazopotea zinashuka kutoka 11 hadi 4. Kwa kusoma barua pepe hilo linatosha. Kwa mtu anayelipwa kwa kuongea na wateja, bado.

Mama akiuliza repita, jibu letu ni hapana, na sababu yake si ubishi. Repita ya kawaida inapokea na kurudia kwa redio ileile, kwa hiyo nusu ya muda inaenda kwenye kurudia. Tena watu huiweka ofisini, pale mtandao ulipo mbovu, ikarudie ubovu kwa sauti kubwa. Alama ya waifai inajaa kwenye laptopu, mwenye nyumba anafurahi, na ping haibadiliki. Vile vifaa vya kupitisha data kwenye nyaya za umeme tunavipita haraka: kwenye nyumba iliyoungwa umeme kwa awamu, kila fundi na akili yake, matokeo ni bahati nasibu.

Boksi la 5G tulitendee haki zaidi, kwa sababu lingeonekana limefanya kazi. Lingewekwa wapi? Dirishani mwa ofisi, mita 2 kutoka kwenye laptopu. Waifai ingesoma −45, vikao vingetulia, na sifa zote zingeenda kwa 5G, wakati kilichoponya ni ukaribu tu. Ukiipeleka faiba ile ile hadi mezani, unapata hicho hicho bila kugawana mnara na mtaa mzima. Anayeishi pasipo na faiba hana uchaguzi huo, na boksi ni lake. Huyo aingie kwenye ukurasa wa boksi atafute kipimo cha RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara: −80 hadi −90 ni pazuri, kuanzia −110 kwenda chini usihangaike. Ahamishe boksi dirisha kwa dirisha, hasa upande unaotazama mnara, na apime jioni saa mbili, si saa nne asubuhi mtaa ukiwa kazini. Asisahau pia kusoma masharti ya bando, kwani "bila kikomo" mara nyingi ina kikomo cha kasi ukurasa wa pili.

Basi ni waya. Mazungumzo ya kawaida na fundi hapa huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Sasa huo waya utapita wapi? Sitaki nyoka sebuleni kwangu."

"Juu ya dari, mama. Utaona kipande kidogo tu huku na kipande kidogo kule."

"Na kutoboa? Nyumba si yangu."

Swali la mwisho ndilo la kwanza kwa mpangaji. Mwenye nyumba aombwe kabla ya drili kuwashwa. Mara nyingi tundu lipo tayari, lile la waya wa antena au la dishi, na ndani yake waya mmoja zaidi unapita bila mtu kugombana na mtu.

Urefu hauhesabiwi kwa kamba iliyonyooka. Kutoka kwenye ruta kupanda darini ni mita 1, kwa kuwa ruta sasa iko juu. Safari ya juu ya dari, ikifuata mbao na kukwepa tanki, ni 17. Kushuka ofisini hadi usawa wa meza ni 2. Ongeza mita 1.5 kila ncha ya kufanyia kazi, jumla 23. Nunua 26. Mtandao wa waya wa aina hii unakwenda hadi mita 100, kwa hiyo urefu si wasiwasi. Wasiwasi ni kupungukiwa mita moja ukiwa juu ya dari.

Aina: Cat6 ya shaba tupu, ambayo kila uzi ni shaba moja ngumu, si vinyuzi vingi laini. Hata Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa mita 100, na hakuna haja ya kulipia Cat7. Sokoni kuna kebo nyingi za alumini iliyopakwa shaba. Chuna uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe wa fedha chini ya wekundu, iache dukani. Alumini inakatika ikikunjwa mara chache, na inakatika ndani ya ganda, hivyo huioni. Mwenye duka akikataa uchune, hilo nalo ni jibu. Kebo yenye foili pia haina faida hapa. Foili isiyounganishwa na ardhi ni mapambo.

Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla ya mtu kupanda. Darini kunakanyagwa mbao tu, maana jipsamu haimbebi mtu, na tundu lenye umbo la mguu wa fundi katikati ya sebule ni aibu ya miaka. Kazi ifanyike asubuhi, kwani saa saba mchana chini ya mabati ni tanuri. Kebo ilale juu ya mbao za dari, isiguse bati, na isipite bomba moja na nyaya za umeme. Ikienda sambamba nazo iwe umbali wa sentimita 20 au zaidi, na ikilazimika kuzivuka izivuke kwa msalaba. Nyumba yenye panya, na nyumba zilizopakana na migomba huwa nao, ipitishe kebo yote ndani ya paipu ya plastiki ya milimita 20. Panya hali shaba, anatafuna ganda la plastiki tu, na linamtosha kukuharibia wiki.

Tundu la ukutani liwe la milimita 10, kwa kuwa kebo yenyewe ni kama 6. Wenye kununua kebo iliyokwisha fungwa vichwa wanalazimika kutoboa 15, ndiyo maana tunapitisha kwanza na kufunga vichwa baadaye. Sehemu zinazoonekana ziende ndani ya trankingi, ule mfereji wa plastiki wenye kifuniko, kwa skrubu na fisha. Gundi yake yenyewe haishiki kwenye rangi ya mafuta, na ikifika Aprili trankingi yote inaning'inia.

Ufungaji wa vichwa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Chuna ganda sentimita 3, nyoosha nyuzi nane, zipange hivi kutoka kushoto, kile kiulimi cha plastiki kikiwa chini: rangi ya chungwa yenye nyeupe, chungwa, kijani yenye nyeupe, bluu, bluu yenye nyeupe, kijani, kahawia yenye nyeupe, kahawia. Zikate kwa pamoja zibaki milimita 13. Sukuma hadi uone shaba nane mbele ya kichwa na ganda limeingia chini ya kibanio, ndipo ubane kwa koleo. Usifumue misokoto zaidi ya hapo. Misokoto ndiyo inayozuia uzi mmoja kusikia mwenzake.

Wapo wanaozipanga jozi kwa jozi kwa kuwa macho yanapenda hivyo: chungwa mbili, kijani mbili, bluu mbili, kahawia mbili, pande zote sawa. Testa ya bei nafuu itawaka 1 hadi 8 kwa mpangilio na fundi atakunja vifaa aondoke. Lakini namba 3 na 6 lazima ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja. Zikiwa za jozi mbili tofauti, data inavuja kutoka uzi hadi uzi, laptopu inashuka hadi megabiti 10 au inaunganika na kukatika, na mwenye nyumba anatangaza kwamba "waya nao ni walewale". Testa ile inapima kama umeme unapita tu. Usahihi wa jozi unaupima kwa macho.

Upande wa ofisi tusifunge kichwa cha kuchomeka moja kwa moja kwenye laptopu. Nyuzi ngumu hazipendi kuchezeshwa kila siku. Ziishie kwenye soketi ya ukutani, na kutoka hapo uchukue waya laini wa mita 2. Kiulimi kikivunjika, na kitavunjika, unabadilisha waya huo tu.

Laptopu ya huyu mama ni nyembamba, haina tundu la mtandao. Adapta ya USB ndiyo daraja. Hapa wauzaji hupenda kusema lazima ya gigabiti. Kwa kifurushi cha 40, adapta ya megabiti 100 inabeba yote na kubaki na nafasi. Tungechukua ya gigabiti ya USB 3 kwa sababu moja tu, ya kuhamisha mafaili ndani ya nyumba. La kuangalia zaidi ni matundu: laptopu ikiwa na tundu moja la USB-C ambalo pia ndilo la chaja, nunua habu inayopitisha umeme, la sivyo saa sita mchana utachagua kati ya mtandao na betri.

Baada ya kuchomeka, mambo matatu yaangaliwe. Kwenye mipangilio ya Ethernet ya Windows, kasi ya muungano isome 1000/1000. Ikisoma 100 wakati vifaa vyote ni vya gigabiti, uzi mmoja kati ya 4, 5, 7 au 8 haujashika, kwa kuwa megabiti 100 inatumia 1, 2, 3 na 6 tu. Rudi kwenye vichwa. Pili, baadhi ya ruta za faiba zina tundu lililotengwa kwa televisheni, ukichomeka hapo hupati kitu, na suluhisho ni kuhamia la pembeni. Tatu, zima waifai ya laptopu wakati wa kupima. Windows yenyewe hupendelea waya vikiwapo vyote viwili, lakini kipimo chenye shaka si kipimo.

Ofisini sasa ruta inajibu chini ya milisekunde 1, salamu 200 kwa 200. Wiki inapita vizuri. Alhamisi mchana kikao kinaganda tena, na simu ya lawama inapigwa.

Tunaipenda sehemu hii ya kisa, maana waya unaonyesha thamani yake ya pili. Madirisha mawili ya ping yanafunguliwa. Ruta: milisekunde 1, imetulia. Nje: 640, 580, 710. Kwa hiyo si ndani. Tazama ruta nani anatumia: simu ya kijana inapakia video za likizo kwenye hifadhi ya mtandaoni, na megabiti 10 za kupakia zimejaa hadi shingoni. Sauti ya mama inapanga foleni nyuma ya video. Kabla ya waya, tukio hili lingechanganyika na ule udhaifu wa kuta na lisingejulikana kamwe. Dawa ni kuweka hifadhi ya simu ipakie usiku, na kama ruta inaruhusu, kuiwekea simu hiyo kikomo cha megabiti 4 za kupakia.

Waya wa ndani una mipaka mingine pia. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ya Tanzania nzima ilizorota, na hata aliyekuwa na Cat6 ya shaba ya dhahabu alikaa akitazama duara linazunguka. Siku ya namna hiyo ping ya ruta ni 1 na ya nje ni kimya, na unajua kabisa si dari yako.

Umeme nao. Ukikatika kwa sekunde mbili tu, ruta inazima na kuwaka upya, na kikao kimekwenda dakika mbili hadi tatu wakati betri ya laptopu haikuyumba. UPS ndogo ya ruta inaziba pengo hilo. Soma kibandiko cha adapta ya ruta: kama ni volti 12, UPS itoe 12, si 9, na kichwa chake kiingie bila kulegea. Betri iliyoandikwa mAh 8,800 kwa volti 3.7 ina kama saa-wati 32. Toa upotevu, zinabaki 27 hivi. Ruta inayokula wati 8 itakaa saa tatu na kidogo, kama kibandiko kinasema kweli, na vibandiko vya betri vinatia chumvi.

Limebaki banda la uani. Kijana alitegemea naye avutiwe waya, na mita 18 si kitu. Tunakataa. Banda lina mita yake ya LUKU na waya wake wa ardhi, na kebo ya shaba inayounganisha majengo mawili yenye ardhi tofauti ni mlango wa radi. Haihitaji kupiga nyumba. Ikipiga karibu, ardhi ya upande mmoja inapanda volti kuliko ya upande wa pili, na tofauti hiyo inatafuta njia ya kupita, ambayo ni tundu la ruta na la laptopu. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, mafundi wa Moshi na Arusha wanapokea ruta za namna hiyo zikinuka moshi. Anayetaka waya lazima, avute faiba, ambayo ni kioo na haipitishi umeme, na anunue vigeuzi viwili vya kuibadilisha huku na huku. Kwa kijana wa form five anayesoma notsi na kuangalia mpira, hiyo ni kumuua sisimizi kwa nyundo.

Hapa waifai inashinda. Swichi ndogo ya mtandao ya matundu 5 inawekwa pembeni ya ruta, kebo nyingine ya mita 21 inafuata njia ileile ya darini hadi jikoni, na kifaa cha kurushia waifai kinafungwa ukutani chini ya paa la nyuma. Tatizo ni migomba. Mgomba ni maji yaliyosimama wima, na mawimbi ya waifai yanamezwa na maji, ya gigahezi 5 zaidi ya 2.4. Mwezi wa kiangazi kijana atasifia, mvua zikinyesha majani yakajaa, atalalamika. Kwa hiyo kifaa kisielekezwe katikati ya shina na shina. Kifungwe kwenye kona inayotazama njia ya kupitia kwenda bandani, pale ambapo unasimama na kuuona mlango wake. Mlango ukionekana kwa macho, mtandao unafika.

Mwisho wa mwezi kifurushi kimerudi kwenye 20. Kipimo cha matumizi hakikuwahi kuvuka 15 hata jioni ya mechi, na kabla ya kushusha mtoa huduma aliulizwa jambo moja, kama kifurushi cha 20 nacho kinapakia 10. Kinapakia. Mita tatu zilizozidi zimekunjwa darini juu ya ofisi, duara la upana wa sahani, zikisubiri siku meza itakapohamishiwa dirishani.